Wiki Sita

Kostiki humwagwa ndani ya maji.
Usigeuze. Ukimwaga maji ndani ya kostiki
yanakurukia kama chui aliyekanyagwa mkia,
na mimi ninalo kovu, hapa chini ya kiwiko,
la siku niliyojifanya najua.

Sabuni yangu laini huanzia kwenye kitu
kinachotoboa sufuria.
Iliitoboa ya mama mkwe, ile aliyotunzwa arusini,
na mpaka leo hajanisamehe,
na mimi mpaka leo sijapata uso
wa kumpelekea jani la isale.

Mafuta ya nazi naagiza Tanga.
Parachichi ni zile zinazoanguka Kibosho
watu wakachoka kuzila.
Mchaichai ninao, kando ya mfereji.
Mwarobaini haupendi baridi ya huku Uru,
Elinaja ananiletea kutoka Kahe, kiroba kizima,
na kila safari lazima aniambie
bibi yake alikuwa anautafuna mbichi.

Nakoroga. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto,
kisha namwita mtoto, kisha namfukuza
kwa sababu anaweka kidole.
Nakoroga mpaka mwiko ukipita unaacha njia
na njia haijifuti.
Siku nyingine haishiki kabisa, mafuta yanapanda juu
yananiangalia.
Ikishika, namimina kwenye boksi la mbao.
Kesho yake nakata kwa waya wa gitaa
uliokatikia kwaya katikati ya ibada.

Halafu darini.
Wiki sita, palipokuwa pakikaushwa kahawa ya babu.
Hakuna cha kufanya wiki sita
ila kutokuwa na haraka,
na ada ya shule ina haraka.

Jumamosi, Kiborloni,
nakaa kati ya mitumba ya watoto na mnoa visu.
"Mche mzima mia nane. Wewe kipande cha kiganja
elfu nne? Umetia dhahabu?"
Sijatia.
"Mbona povu lake la kubembeleza?"
Ndivyo lilivyo.
"Inang'arisha?"
Haing'arishi, dada. Utatoka na rangi uliyoingia nayo.
Wengine huondoka hapo hapo.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamume,
viatu vina tope jekundu la Old Moshi.
Hakuuliza bei.
"Inachubua?"
Haichubui, nikamwambia, hata mtoto wa siku saba.
"Si mtoto."
Akakichukua cha mchaichai, akakisugua shavuni,
pakavu, mbele za watu, bila kuona haya.
"Ni mama. Yuko Mawenzi, chumba cha baridi,
tangu Alhamisi. Kesho dada zangu wanamwosha.
Mwishoni ngozi yake ilikuwa karatasi ya Biblia.
Ukimgeuza vibaya, inachanika."

Mnoa visu alisimamisha jiwe lake.

Sikusema kwamba haumii tena.
Yeye hakuwa mjinga, wala mimi.
Nikafunga vipande viwili kwa jani kavu la mgomba,
nikakaza uzi, nikasema, nenda navyo tu, kaka.
Akatoa noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.
"Mama hakuwahi kuandikwa kwenye daftari la duka.
Asianzie hapa."
Na akasimama kusubiri chenji yake,
elfu mbili,
nikazitafuta kwenye kanga kwa vidole
ambavyo havikutaka kushika.

Jumapili jioni nikapanda darini.
Vipande mia moja na kumi na nane, wiki ya nne,
vimepangwa kwa kuachana, vipate hewa.
Chini, mama mkwe anauliza kwa sauti
safari hii nimetumia sufuria ya nani.
Nikachukua kimoja cha pembeni, nikakigusisha ulimi,
maana ndivyo sabuni inavyopimwa.

Bado kinauma.
Nikakirudisha mahali pake.